Nani Mvivu? Kisa cha bodaboda wa gesi na daraja la Mto Rau

Duka lenyewe ni la kawaida tu, jirani na soko la Mbuyuni, Moshi: mitungi ya gesi, majiko, mipira, regulata. Lina vijana wanne wa bodaboda wanaopeleka mitungi majumbani. Mwenye duka, mama wa makamo anayejua kila shilingi yake iko wapi, alikuwa ameshaamua kumwachisha kazi mmoja wao, na wala hakuamua kwa hasira. Mtoto wa kaka yake, anayemsaidia hesabu, alikuwa amekusanya oda za mwezi mzima kwenye jedwali: saa mtungi ulipotoka dukani, saa dereva alipopiga simu kusema ameshafikisha, na umbali wa nyumba ya mteja. Akagawanya umbali kwa muda. Vijana watatu walikaribiana. Wa nne alikuwa nyuma yao mbali sana. "Shangazi, huyu ana kijiwe chake cha kahawa njiani," kijana akahitimisha, na kusema kweli yeyote angeliona jedwali lile angekubaliana naye.

Mimi kazi yangu ni ramani. Niliitwa kwa jambo jingine kabisa, kuwapangia upya bei za usafirishaji, nikakuta shauri la dereva huyu ndilo linalozungumzwa. Nililitaka jedwali nilione kabla ya mtu kufukuzwa. Saa zilikuwa za kweli, kugawanya hakukukosewa. Tatizo lilikuwa kwenye ile safu ya umbali.

Mteja anaagiza kwa WhatsApp na kutuma lokesheni. Kijana anaibonyeza pini, anachukua namba mbili, latitudo na longitudo, anazihamishia kwenye jedwali, na fomula aliyoipata mtandaoni inampa kilomita kutoka dukani. Fomula hiyo inapima mstari ulionyooka kutoka nukta hadi nukta. Haijui barabara, haijui ukuta, haijui mto. Bei nazo zilifuata mtindo huohuo, kwa maduara yanayolizunguka duka: duara la kwanza buku (shilingi elfu moja), duara la pili buku mbili, na kuendelea.

Kwenye kuhamisha namba pia kulikuwa na vituko. Moshi iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yake inaanza na alama ya kutoa. Ukiinakili bila alama hiyo, mteja wa Msaranga anahamia kaskazini mwa Kenya, huko kwenye ukame wa Chalbi, zaidi ya kilomita 700 kutoka dukani. Safu za namna hiyo kijana alizifuta tu bila kumwambia mtu. Nyingine alizikata desimali ili zipendeze. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Desimali ya nne inakubakiza ndani ya mita kumi na kitu, lakini ukiishia ya pili unaweza kuikosa nyumba kwa mamia ya mita, yaani unagonga geti la mtaa mwingine. Hayo yalirekebishika kwa mchana mmoja, na dereva wa nne bado akabaki wa mwisho.

Sasa, Moshi ni mji mgumu kuupimia kwa mstari ulionyooka. Umelala kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kaskazini juu, kusini chini, na maji yanayotoka mlimani yanaupasua kwa urefu: Karanga, Njoro, Rau. Ukifuata mteremko, kwa mfano kutoka hospitali ya KCMC kushuka stendi, huna shida. Ukitaka kukatiza mashariki au magharibi, unatafuta daraja kwanza, na madaraja ya kupitisha chombo cha moto hayako kila mahali. Nyumba iliyo ng'ambo ya Mto Rau unaweza kuiona kwa macho, ukalihesabu hata bati lake, lakini kwa pikipiki ikakubidi upande hadi barabara kuu iendayo Himo, uvuke huko, kisha ushuke upya upande wa pili kwa rafu rodi. Kwenye fomula ya kijana, nyumba hiyo iko duara la kwanza. Buku.

Nikauliza pale dukani: oda za ng'ambo huwa anapeleka nani? Wote wakamtazama yuleyule. Wenzake walikuwa wakizikwepa. Leo simu haina chaji, kesho tairi halina upepo, keshokutwa anamalizia chai. Yeye amekulia upande ule, anavijua vichochoro vyake, hakatai. Jedwali halikuwa na safu ya kuonyesha nani alipangiwa oda ipi na nani aliikimbia.

Maelezo hayo hayakumtosha mama. Yeye anaamini karatasi, na karatasi ilikuwa upande wa kijana wake. Basi tukakubaliana kurekodi safari zenyewe.

Kurekodi, na ugomvi wake

Njia hii si ngeni. Nairobi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na watafiti wa Marekani, wakiwemo wa MIT na Columbia, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi ruti na vituo ambavyo havikuwahi kuandikwa popote, na mwaka 2014 wakatoa ramani ya matatu za jiji zima kupitia mradi wa Digital Matatus. Dar es Salaam, Ramani Huria ilianza mwaka 2015 kuchora kata zinazofurika maji, wanafunzi wa vyuo wakitembea mitaani na wenyeji wanaojua maji yalifika wapi. Sisi hatukuwa na chuo wala mradi. Tulikuwa na simu nne za Android, programu ya OsmAnd ambayo huweka alama ya ulipopita kila baada ya sekunde chache, na daftari.

Vijana walidhani itawalia bando. Haili. Simu inapokea tu mawimbi kutoka setilaiti zinazozunguka kilomita 20,200 hivi juu yetu, haizirudishii chochote. Bando linaingia ukitaka kupakua ramani au kumtumia mtu kumbukumbu yako. Hilo lilieleweka haraka. Hofu ya kuchungwa ndiyo iliyochukua jioni nzima. "Mnataka kunifunga kengele kama mbuzi," mmoja alisema, na wenzake wakacheka kwa namna ya kumuunga mkono. Kila mmoja wao akishashusha mtungi hupakia abiria wakati wa kurudi, na hiyo ni hela yake ya mboga ambayo duka halihusiki nayo. Wakasema wazi: simu itarekodi kuanzia mtungi unapofungwa kwenye keria hadi unapokabidhiwa, basi. Mama hakupenda. Nilimshauri akubali, na hadi leo naona lilikuwa shauri la busara kuliko hesabu zote zilizofuata. Ukimlazimisha mtu akurekodie siku nzima, simu yake itakuwa inazimika chaji kila saa sita mchana, na utabaki na ramani ya watu waliokuogopa.

Wateja nao walihusika, ingawa hawakuwa kikaoni. Orodha ya nyumba pamoja na siku ambazo gesi ya kila nyumba huisha inasema mengi kwa mtu mwenye nia mbaya: nani yuko peke yake, nani hayupo mchana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haichagui duka kubwa na duka dogo la Mbuyuni. Kwa hiyo mteja akiagiza, ujumbe wa kumjibu ulimweleza kwamba nyumba yake itawekewa alama kwa ajili ya kumfikishia gesi, na kwamba anaweza kukataa. Wachache walikataa, wakaendelea kuelekezwa kwa mdomo kama zamani. Faili lilibaki kwenye kompyuta ya duka. Halikuja kwangu hata kwa barua pepe, nililitazamia palepale.

Mistari ilipochorwa

Nilianza na vipande vya barabara ambavyo wote wanne hupita, kwa sababu hapo ndipo unaweza kulinganisha mtu na mtu. Kwenye lami, kutoka Mbuyuni kuelekea barabara kuu, yule "mvivu" alikwenda mwendo wa wenzake, na mahali pengine aliwaacha. Mama aliitazama mistari hiyo kwa muda mrefu bila kusema neno.

Halafu tukashuka mtoni, na hapa pana jambo ambalo sikulitarajia. Nilidhani nitaona mistari yake mirefu ikizungukia barabara ya Himo, na hiyo ndiyo ingekuwa maelezo ya kuchelewa. Baadhi ilikuwa hivyo. Lakini mingine ilikwenda moja kwa moja, ikakatisha Mto Rau mahali ambapo pikipiki haipiti, tena kwa mwendo mdogo mno, kilomita nne hivi kwa saa. Hakuna bodaboda inayokwenda hivyo. Anayekwenda hivyo ni mtu anayetembea.

Tukaenda kupaona. Ni daraja la miguu, zege jembamba lenye vyuma pembeni, na kila mwisho limesimikwa mabomba mawili ya chuma kuzuia pikipiki. Mama mwenye ndoo kichwani anapita vizuri. Usukani wa pikipiki haupiti. Dereva wetu alikuwa akiiacha pikipiki yake kwa mangi mwenye duka upande wa huku, anautwika mtungi begani, anavuka, anapandisha kichochoro cha ng'ambo hadi mlangoni kwa mteja. Mtungi wa kilo 15, ukijumlisha na chuma chake, ukijaa unakaribia kilo 30. Mama alipomuuliza kwa nini hakuwahi kusema, alimjibu kwa upole: "Mama, mafuta ni yangu na bega ni langu. Nikizunguka, ile buku yote inaishia kwenye petroli."

Kwa hiyo jedwali lilikuwa limepima mwendo wa mtu anayetembea na mzigo begani, likauandika kama mwendo wa pikipiki.

Wale wengine watatu nao walikuwa wamelikuta daraja hilo, ila kwa njia nyingine. Kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na ndiyo OsmAnd inaitumia, daraja lilikuwa limechorwa kama kibarabara cha kawaida. Bila shaka kuna mtu aliyelichora kwa kutazama picha ya setilaiti. Kutoka juu, zege ni zege. Programu ikawa inawaelekeza vijana pale kwa kujiamini kabisa. Kwenye kumbukumbu zao unaona mstari unashuka hadi ukingoni, unageuka fundo la nukta, kisha unarudi ulikotoka. Ukijua unachokitazama, fundo lile linasomeka: kijana amesimama, ametukana, amempigia mteja simu, amegeuza. Baada ya kupatwa na hilo mara moja, mtu hatamani tena oda ya ng'ambo.

Nililirekebisha siku hiyohiyo: njia ya miguu, vizuizi miisho yote miwili, pikipiki haipiti. Ramani iliyokwisha kupakuliwa kwenye simu haijirekebishi yenyewe, kwa hiyo vijana ilibidi wapakue upya. Na wateja wanaotumia Google Maps wao wanatazama ramani nyingine kabisa, isiyopata habari za marekebisho yangu.

Dakika za getini

Mistari ilitoa na jambo la pili, ambalo kifedha naliona kubwa kuliko mto, ingawa halina hadithi tamu. Kwenye safari nyingi, muda ulipotea mwishoni, ndani ya mita mia mbili za mwisho. Nukta zinajazana, zinazunguka, zinarudi nyuma. Dereva anatafuta nyumba.

Pini ndiyo chanzo, na ubaya wake una sura mbili tatu. Kuna mteja anayeagiza akiwa kazini mjini na kutuma lokesheni ya alipo wakati huo, kumbe gesi inatakiwa nyumbani. Kuna anayetuma lokesheni aliyoihifadhi zamani, ya nyumba aliyokwisha kuhama. Na kuna wale walio nyumbani kweli, lakini ndani, chini ya bati. Simu iliyo uwanjani penye anga wazi hukupa mahali ulipo kwa kosa la mita tano hivi. Chini ya bati na katikati ya kuta, inabaki kubahatisha kwa minara ya simu na Wi-Fi za majirani, na lile duara la bluu linalokizunguka kitone linapanuka kumeza nyumba kumi. Watu hawalitazami duara; wanatazama kitone na kukiamini.

Tulitunga ujumbe mfupi wa kumjibu kila mteja: "Tafadhali toka nje, subiri duara la bluu lipungue, kisha tuma." Ulisaidia kiasi. Kilichosaidia zaidi ni kuacha kutegemea pini ya mteja kabisa kuanzia oda ya pili. Dereva akishakabidhi mtungi mara ya kwanza, anaweka alama akiwa amesimama getini. Alama hiyo, kwa wateja walioridhia, inahifadhiwa kwa namba ya oda, na kuanzia hapo yeyote kati ya wale wanne anaweza kufika bila kupiga simu. Gesi ni biashara ya wateja walewale, mwezi hadi mwezi, kwa hiyo alama moja nzuri inalipa kwa muda mrefu.

Kuna atakayeuliza kuhusu anwani za makazi. Tangu operesheni ya mwaka 2022 mitaa imepata majina na nyumba zimepata namba, na programu ya NaPA ipo ya kuzitafuta. Tulianza kumwomba mteja namba ya nyumba pia. Wengi hawaikumbuki kichwani. Wanakuambia "mkabala na msikiti, geti la kijani", na geti la kijani mtaani yako matano. Ila dereva akiwa ameshafika mtaani, kibao cha namba ukutani kinamaliza ubishi wa geti lipi. Kwa hiyo vitu hivi viwili vinakwenda pamoja: alama inakufikisha mtaani, kibao kinakufikisha mlangoni. Ningekuwa mwenyekiti wa mtaa ningewahimiza watu waikariri namba yao kama wanavyoikariri ya simu.

Bei na yaliyofuata

Maduara yalifutwa. Bei mpya inafuata njia inayopitika, na mto ndio mpaka: upande wa huku bei yake, ng'ambo bei yake, mteja anaambiwa kabla hajathibitisha oda. Zamani tofauti ilikuwa inadaiwa getini, mtungi ukiwa bado kwenye keria, na duka likipigiwa simu za kulalamikiwa wizi. Simu hizo zimepungua mno. Malalamiko mapya yapo, kutoka kwa wateja wa ng'ambo walio karibu kabisa na ukingo. Mmoja alisema analiona soko akiwa kibarazani kwake, iweje alipe sawa na mtu wa mbali? Sina jibu zuri la kumpa, kwa sababu kwa macho yake yuko sahihi. Tulichofanya ni kumpa uchaguzi: mtungi uvushwe kwa bega kupitia daraja la miguu kwa bei ya chini kidogo, kama ni mdogo wa kilo 6, au uzungushwe.

Dereva wa nne hakuondoka. Analipwa nyongeza kwa kila oda ya ng'ambo, na kichekesho ni kwamba siku hizi wenzake wanazigombania.

Kijana wa hesabu ameongeza safu tatu kwenye jedwali lake: nani kapangiwa, kapita wapi, na mvua. Hii ya mvua aliidai dereva. Masika kichochoro cha kushukia darajani kinakuwa tope, na safari ya bega inageuka hatari. Ramani haina masika. Inaonyesha njia ileile Aprili na Septemba. Safu hiyo inajazwa kwa mkono, ndiyo au hapana, na bei ya bega inasimamishwa siku za ndiyo.

Kinachojadiliwa sasa dukani ni kuweka tawi dogo ng'ambo. Oda za upande ule zinaongezeka, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, kwa hiyo mama haoni sababu ya kusubiri mtu mwingine amtangulie. Mitungi huwezi kuirundika kwa mangi yeyote mwenye nafasi nyuma ya duka. Biashara ya gesi iko chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ina leseni na masharti ya usalama ya mahali pa kuhifadhia. Kwa hiyo mahali panachaguliwa mara moja, na pachaguliwe vizuri.

Nilichora alama za nyumba za ng'ambo na kutafuta kitovu chake, mahali palipo karibu na wateja wengi kwa pamoja. Kikaangukia katikati ya makazi, kwenye barabara ya vumbi. Dereva akapinga papo hapo: pale hapiti mtu, weka kituo cha daladala, watu wanaposhuka jioni. Tukazifungua saa za oda. Nyingi za ng'ambo zinaingia kuanzia saa kumi na moja jioni, mtu anaporudi kazini na kukuta jiko limezima. Tawi likiwa kituoni, mwenye mtungi mdogo anaweza kuuchukua mwenyewe akishuka, na bodaboda ikabaki na mitungi mikubwa. Mama ameshaanza mazungumzo na mwenye fremu moja karibu na kituo. Kodi wanayotajiwa inazidi ya kule kwenye vumbi, na kijana wa hesabu anapiga upya jedwali kuona kama tofauti inalipika.